Mbegu za Maboga Badala ya Kahawa

Wenzangu, kabla ya kuugua nilikuwa fundi cherehani mjini Bukoba, mwenye maneno mengi na usingizi mzuri. Asubuhi kahawa, mchana ndizi na kahawa, jioni vivyo hivyo. Mkobani sikukosa akamwani, ile kahawa yetu ya kutafuna.

Ugonjwa ulianzia kwenye hedhi. Damu ilitoka siku kumi, yenye mabonge. Nililowanisha kiti, nikakifuta, nikanyamaza. Mwaka ulipita hivyo. Viganja vikawa vyeupe, moyo ukawa unanidunda nikipanda ngazi tatu tu, na nikaanza kutamani kula udongo. Siku moja nilianguka nikimpima mteja kiuno.

Hospitalini daktari alisema, "Mama, una uvimbe kwenye kizazi. Inabidi tuutoe. Lakini damu yako ni saba, siwezi kukupasua hivi. Ifike kumi, ndipo urudi."

Alinipa vidonge vya kupunguza kutokwa na damu na vingine vya kuongeza damu mwilini. Nikaenda Izigo, Muleba, kwa mama mkwe, anitunze.

Wageni walikuja kutoa pole. Kwetu mgeni hupewa akamwani, na mwenyeji hutafuna naye. Asipotafuna, mgeni huona amedharauliwa. Nilitafuna na kila mtu. Vidonge navyo nilivimeza kwa kahawa ya rangi, maana vilikuwa na ladha ya msumari.

Mwezi ulipoisha nilipimwa. Damu ilikuwa saba ileile. Niliogopa kufa, sifichi.

Muuguzi akaniuliza, "Mama, vidonge unameza na nini?"

"Kahawa."

"Na chakula je, unashushia na nini?"

"Kahawa."

Akaweka kalamu chini. "Kahawa inaizuia hiyo dawa kuingia mwilini. Iache kwanza, hata ya kutafuna. Kula maharage, dagaa, mboga za majani, mbegu za maboga."

Nikaiacha, kichwa kikauma siku tatu. Hilo lilivumilika, kazi ilikuwa wageni. Mama mkwe akafikiri, kisha akaanika mbegu za maboga, zile ambazo wengi hutupa. Alizikaanga bila mafuta mpaka zikaanza kupasuka, akazimenya, akazitwanga kwenye kinu zikiwa bado za moto, pamoja na chumvi kidogo. Zikatoa mafuta zenyewe, zikawa rojo zito la kijani, kama siagi ya karanga. Akalipaka juu ya vipande vya ndizi za kuchoma, akavipanga kwenye kikapu cha akamwani.

Wa kwanza kukutana nacho alikuwa wifi yake, shangazi wa mume wangu, kutoka Kaagya. Alikitazama muda mrefu.

"Waitu, jamani, mmeishiwa kahawa?"

"Kahawa ipo, wifi," mama mkwe akajibu. "Lakini humu ndani haitafunwi mpaka huyu apone. Ukitafuna wewe, naye atatafuna."

Shangazi alinuna. Alionja kwa ncha ya kidole, akasema chumvi haitoshi, kisha akala vipande vinne. Aliondoka akilalamika, na rojo kidogo limefungwa kwenye jani la mgomba.

Tulisemwa kuwa tumekuwa wachoyo. Mama mkwe, aliyetafuna akamwani tangu usichana wake, hakugusa hata punje moja miezi mitatu. Hata ugenini alikataa, na hakuniambia. Nilipogundua, nililia.

Rojo lile nilikula saa nne asubuhi na saa kumi jioni, nyakati zangu za kahawa. Nililizoea, kisha nikalipenda, na mpaka leo nina kopo lake kando ya cherehani. Damu ilipanda ikafika nane, kisha kumi na nusu. Nikapasuliwa. Kovu ninalo, hedhi yangu sasa ni siku nne. Sisemi mbegu ndizo zilizoniponya. Vidonge vilifanya kazi yake, daktari yake, Mungu yake. Mbegu zilinipa kitu cha kula na wageni bila kujiumiza.

Namshukuru muuguzi yule aliyeuliza swali dogo. Namshukuru mama mkwe kuliko ninavyoweza kusema.

Ukitokwa na damu kupita kiasi, sema mapema. Ukipewa dawa, uliza inamezwa na nini. Na ukienda kumwona mgonjwa, akikataa kahawa, usinune. Mimi nilikaribia kufa kwa adabu.