Kamera Moja, Wake Wenza Wawili

Umewahi kutukanwa na mtu kupitia kwa muuza duka?

Mimi nimetukanwa hivyo, Homa Bay mjini, mchana kweupe, na mke mwenzangu Milka.

Kwetu kisiwani Mfangano, wake wenza wakikosana hawasemezani. Ukiwa na la kumwambia mwenzako, unamwambia kuku. Wewe kuku, toka hapa na hiyo roho yako mbaya. Kuku haelewi kitu, lakini ng'ambo ya ua mwenye kuelewa ameelewa.

Mimi na Milka tumeishi hivyo mpaka mume wetu akazikwa, mpaka wajukuu wakaota ndevu.

Sasa, kikundi chetu cha akina mama kikaamua kutengeneza video za kufundisha biashara ya obambla, yaani samaki aina ya ngege aliyepasuliwa mgongoni, akatiwa chumvi, akaanikwa juani. Mwalimu ni mimi. Pale ufuoni Sena, wanawake wanaopasua samaki wamepitia mikononi mwangu.

Mwenyekiti wetu, Phanice, akatutuma sisi wawili tukanunue kamera. Makusudi kabisa. Akasema tukishindwa kukubaliana, atanunua viti vya plastiki vya kukodisha matangani na habari ya video iishe.

Kwenye boti Milka alikaa mbele. Mimi nyuma.

Dukani hakukuwa na kuku. Kulikuwa na Jeff, mwenye duka.

Milka akamwambia, "Mwambie huyo mwenye kitambaa cha kijani asishikeshike vitu, mikono inanuka samaki."

Nami nikamwambia Jeff, "Mwambie aliyesema hivyo kwamba hiyo harufu imesomesha watoto wa boma lile, hata wale aliowazaa yeye."

Jeff akacheka kidogo, halafu akaacha.

Kamera za uwezo wetu zilikuwa mbili tu. Nyeusi ilikuwa na tundu la kuchomeka maiki. Ya kijivu haikuwa na tundu, lakini lenzi yake ilivuta kitu cha mbali kikaja puani bila picha kuchafuka. Yenye vyote viwili Jeff alitukataza hata kuigusa.

Nikataka nyeusi. Ufuoni kwetu kuna upepo, na mwalimu asiyesikika anamfundisha nani?

Milka akang'ang'ania ya kijivu. Nikamuuliza Jeff huyo mama anataka kuvuta nini, anataka kuchungulia boma la nani tena. Jibu likapitia kwa Jeff: kuna watu wanapenda sauti yao kuliko redio.

Jeff akachoka. "Mathe, nendeni mkazijaribu nje. Mmoja ashike, mwingine aongee. Mimi si simu yenu."

Tukatoka barazani. Milka akashika ya kijivu, nikaongea. Tulipoisikiliza, ni upepo mtupu. Moyo wangu ukapoa. Nikamwambia Jeff anifungie nyeusi.

Akasema hilo lina dawa. Waya wa masikioni wa simu, ule wenye maiki, ushikizwe kifuani chini ya kitambaa, simu irekodi sauti, kisha iunganishwe na picha. Lakini kamera isiyovuta karibu, hiyo haina dawa.

Bado nikakataa. Ikawa zamu yangu kushika. Nikamwelekezea Milka ile nyeusi, nikimwombea aaibike.

Hakumwangalia Jeff. Akaiangalia lenzi, yaani aliniangalia mimi.

Alipomaliza kusema, nilimrudishia Jeff ile nyeusi. Tukanunua ya kijivu.

Wajukuu mnaosoma hapa, kamera ya bei ya chini haifanyi yote. Kabla hujalipa, muulize anayetaka kujifunza anatamani kuona nini. Mimi sikuuliza. Niliambiwa na Milka pale barazani, na maneno yenyewe ni haya:

"Nilipoolewa, nilitaka wewe unifundishe kupasua ngege. Umefundisha kisiwa kizima, mimi nikachungulia juu ya ua. Hiyo mikono yako sijawahi kuiona vizuri hata siku moja. Nataka kuiona."