Dobi Aliyevalishwa Jezi ya Mkimbiaji

Mudiri wa mgahawa wetu hapa Al Wakrah, ughaibuni, anapenda vya kale, hasa vya wenzake. Ameagiza matangazo ya zamani ya sigara kutoka kila pembe ya dunia, akayatundika ukutani ili wateja wajipige picha. Kuyafuta vumbi ni kazi yangu. Na katika mabango yote hayo, moja limetoka kwetu pwani: mkimbiaji mwenye jezi na hamali mwenye gunia begani wanawashiana sigara, meno yote nje. Chini pameandikwa kwamba sigara hiyo inaongeza pumzi.

Pumzi! Ndilo jibu alilokuwa akinipa baba tangu nikiwa mtoto, kila nikimlilia aache. Sasa ana ngiri. Daktari huko Tanga amekataa kumpasua mpaka aache kuvuta, na kila akikohoa ngiri inachomoza. Mimi huku nabembeleza kwenye simu mpaka nachoka. Lake ni sikio la kufa, halisikii dawa.

Juzi, kabla wateja hawajaingia, nikampigia simu ya video nikamwelekezea bango. Nilitaka aone haya.

"Tazama, baba. Biashara tu hii. Mkimbiaji gani anavuta?"

Akacheka mpaka akakohoa. "Mkimbiaji? Huyo alikuwa dobi wa mtaani kwetu. Hajawahi kukimbia hata kufukuza kuku. Jezi walimvalisha."

"Kumbe ulijua?"

"Mtaa mzima tulijua, mwanangu."

Nilitamani kuivunja simu. Miaka yote hiyo! "Sasa wewe ulivutiwa na nini?"

"Sogeza kwa hamali." Nikasogeza. "Nimebeba magunia bandarini ujana wangu wote. Ndiyo ilikuwa mara yangu ya kwanza kuona hamali kawekwa ukutani, tena kapendeza."

Nikamwonea huruma, na hasira bado ninazo. "Ukiacha, baba, nitakupiga picha niitundike hapa. Kubwa kuliko hiyo."

"Kweli?"

"Wallahi."

"Basi nipige sasa hivi." Akaweka kofia sawa, akajinyoosha. Halafu akachomoa sigara nyuma ya sikio, akaibana mdomoni ili atoke vizuri.

Sikubonyeza. Akabaki vivyo hivyo, amezuia pumzi asitikisike, mpaka kikohozi kikamshinda.