Vitabu Vyangu Visafi

Nakumbuka Jumamosi moja nilipoingia kituo cha elimu nimekumbatia vitabu vyangu, nimevaa gauni la kanisani, na kichwa kimenivimba kwa sifa ambazo bado hakuna aliyenipa. Mwanangu, cheka tu. Mimi mwenyewe nikiikumbuka siku ile hucheka peke yangu mpaka jirani huuliza kuna nini.

Ilikuwa miaka michache baada ya vita vya Uganda vya mwaka themanini na sita. Babu yako na mimi tulikuwa tumehamia Kampala kutoka Kakamega, Kenya. Yeye alikuwa seremala hapa Nateete, nami nikifundisha darasa la pili kwenye shule ya msingi iliyokuwa nyuma ya soko. Walimu walikuwa wachache siku hizo. Mtu akimaliza sekondari na kujua kuimba na watoto, alipewa chaki akaambiwa aingie darasani. Ndivyo nilivyoingia mimi. Watoto walibanana wanne wanne kwenye dawati, makamasi yakiwatoka, na niliwapenda, mwanangu, niliwapenda sana.

Basi siku moja mwalimu mkuu akatuita ofisini. Akasema walimu wenye vyeti wameanza kupatikana, na asiye na cheti itabidi awapishe. Nilitoka pale nikijiuliza nitafanya nini. Chuo nitakiendea vipi, na mama yako Ruthi bado ananyonya? Lakini Jumapili hiyo hiyo, baada ya ibada, alisimama bwana mmoja kutoka kituo cha elimu masafa cha kanda. Akasema mwalimu anaweza kusomea cheti akiwa nyumbani kwake, kwa vijitabu, huku anaendelea kufundisha. Jumamosi moja kila mwezi atakuja kituoni kuonana na mkufunzi na kuleta zoezi. Akaongeza kwamba atakayeanguka mazoezi mawili mfululizo jina lake litafutwa. Hayo ya mwisho sikuyasikiliza vizuri, kwa sababu nilikuwa tayari natafuta kalamu nijiandikishe.

Vitabu vikaja, vyembamba, vinanukia wino. Kila baada ya kurasa mbili kulikuwa na swali, na chini yake mistari mitupu. Hapo ndipo nilipokosea. Shuleni kwetu utotoni kitabu kilikuwa mali ya shule, na mtoto akikutwa ametia hata nukta ya penseli alichapwa mbele ya wote. Mimi nilichapwa kwa nukta ambayo hata haikuwa yangu! Kwa hiyo ile mistari niliiona ni mtego. Nikavijalidi vitabu kwa karatasi ya kaki, juu yake nailoni, nikaviweka kabatini pamoja na vikombe vya wageni. Nikitaka kusoma nilinawa mikono kwanza. Nikifika kwenye swali nilijiambia, hili nalijua, nikafunua ukurasa.

Babu yako aliniuliza, "Mama Ruthi, hivyo vitabu unavisoma au unavilinda?"

Nikamwambia ashughulike na mbao zake.

Zoezi la kwanza nikaanguka. Sikumwambia mtu. Moyoni nilisema mkufunzi huyu hawapendi Wakenya, na nikajiona nimeonewa. Sasa ikabaki zoezi la pili tu kati yangu na kufutwa, na nikifutwa, watoto wangu wa darasa la pili nao basi. Ndipo ikafika hiyo Jumamosi. Mkufunzi alikuwa ametuambia kwamba mara hii atavikagua na vitabu vyetu. Nilifurahi! Nikajua usafi wangu utaniokoa.

Pembeni yangu alikaa Mama Furaha, Mkongo aliyefundisha watoto wa kanisa lao kule Kyebando. Kitabu chake, mwanangu, ungedhani kilitumika jikoni. Jalada halipo, kina mabaka ya mafuta ya mawese, na kila pembe imeandikwa, Kifaransa juu, Kiswahili chini, mishale huku na huku. Nikasogeza kiti changu kidogo.

"Dada," nikamnong'oneza, "watakufukuza na kitabu hicho. Umeandika ndani."

Akaniangalia kwa huruma. "Sasa ile mistari banatutolea ya nini? Ya kuangalia tu?"

Mkufunzi wetu alikuwa Mganda, tulimwita Mzee Ssalongo kwa sababu alikuwa na mapacha. Mtu mfupi, sauti ya chini. Alikichukua kitabu cha Mama Furaha akakisoma ukurasa kwa ukurasa, anacheka, anatikisa kichwa, kama mtu anayesoma barua ya ndugu yake. Halafu akachukua changu. Akafunua. Akafunua tena. Akarudi ukurasa wa kwanza.

"Nyabo," akaniita, yaani mama kwa Kiganda, "hii kitabu, nani anasoma yeye?"

"Ni mimi, mzee. Nakitunza."

"Kutunza nimeona." Akavua miwani. "Lakini mimi nakaa huku, wewe unakaa Nateete. Mimi sikuoni. Hii mistari ndiyo masikio yangu. Mwezi mzima, nyabo, hujanisemesha hata neno moja."

Nilitamani ardhi ipasuke. Akanipa penseli. "Page gani ilikushinda?"

Nilijua vizuri ni upi. Ukurasa wa kumi na nne, juu ya namna mtoto anavyoelewa hesabu ya kutoa. Nilikuwa nimeuruka mara tatu.

"Basi andika hapo kitu ya kweli."

Haki ya Mungu, niliutazama mlango, nikidhani yule mwalimu wa utotoni ataingia na kiboko chake. Kisha nikaandika neno moja: Sielewi.

Mzee Ssalongo akainama akalisoma kwa sauti. "Sielewi! Bannange, jamani, mwanafunzi amefika!"

Watu wakapiga makofi. Mama Furaha akapiga vigelegele, utadhani ni harusi. Nami, machozi yakinitoka, nikacheka nao. Mzee akaniambia, "Hii zoezi usinipe sasa. Kaa na Mama Furaha. Nipe saa kumi."

Tukakaa barazani. Mama Furaha alinionyesha jinsi ya kumfundisha mtoto kutoa, kwa vifungo vya gauni langu la kanisani, anakifungua kimoja, ananiuliza vimebaki vingapi, tunacheka mpaka wapita njia wanasimama. Saa kumi nilikuwa nimeandika zoezi upya. Nilifaulu, si kwa kishindo, lakini nilifaulu. Cheti kikaja baada ya miaka miwili, na darasa la pili nikakaa nalo mpaka nywele zikageuka nyeupe. Mpaka leo wapo watu wazima wenye maduka hapa Nateete wanaoniita ticha, na wote niliwafundisha kutoa kwa vifungo.

Sasa, mwanangu, nikuambie kwa nini nimekukalisha hapa. Umeanza kusoma kwa simu, mwalimu wako yuko mbali, hata sura yake huijui. Juzi nilikuuliza masomo yanaendaje, ukanijibu mimi bibi yako, "Bulungi, Jjajja, nzuri tu." Halafu ukaacha daftari lako mezani nikalifungua. Ni safi. Nilishtuka, kwa sababu nilikuwa nakiona kitabu changu.

Usimwogope mtu ambaye kazi yake ni kukusaidia. Ukikwama, mwandikie mwalimu leo, usingoje mtihani uje kukusemea. Tafuta na mwenzio wa kusoma naye, na usimhukumu kwa mabaka ya kitabu chake, kwa maana huenda yeye ndiye atakayekuvusha. Nami nakuomba unisamehe kwa kupekua daftari lako, ingawa ningepekua tena.

Chukua kitabu hiki, ndicho chenyewe. Utaona kila niliposema sielewi, chini yake niliandika baadaye: sasa naelewa. Isipokuwa ukurasa wa mwisho. Hapo neno lile limebaki peke yake mpaka leo, maana hilo swali lilinishinda kabisa, na chini yake nimekuachia mistari.

Mungu akupe mwalimu mwenye subira na rafiki mwenye kicheko. Kalamu yako isikauke, na siku utakapoujaza ukurasa ule, nikiwa bado nipo, uje unisomee.