Ngozi mpya na mafuta ya maombi

Nani amewahi kuharibiwa kazi na maombi?

Wiki jana mwalimu wangu wa upasuaji aliniachia kisu kwa mara ya kwanza. Nilitoa ngozi kwenye paja la mtoto mmoja kutoka Juru aliyeunguzwa na uji, nikaipandikiza mkononi mwake.

Nilimsihi mama yake asifungue bandeji.

Leo nimeikuta wazi. Ngozi imeteleza pembeni, imekufa, inang'aa mafuta.

"Bamama ba kanisa walikuja, dokta. Tulipakala mafuta ya maombi ili ikamate muzuri."

Mwalimu yuko nyuma yangu.

Mama akanishika mikono. "Na hii mikono yako tuliiombea."

Akafungua kichupa cha mafuta hayo, akanipaka vidole vyote.

Nikamwacha apake.

Nyinyi mngemwambia nini?