Kengele Niliyomnyima Mzee Nzioka

Siku yangu ya kwanza kazini sikukabidhiwa kengele. Nilikabidhiwa ringi ya lori iliyoning'inizwa kwa waya kwenye mgunga, nyuma ya kanisa la misheni upande wa Mutomo, pamoja na kipande cha chuma cha kuigongea. Ilikuwa miaka ya sitini, muda mfupi baada ya Uhuru. Katekista Mkuu, mtu mrefu asiyecheka ovyo, alinionyesha ringi hiyo kwa kidole.

"Hii ndiyo kengele yetu mpaka Mungu atupe nyingine," akasema. "Usiigonge kama mtu anayefukuza nyani shambani. Tunawaita watu kusali."

Hapo ndipo nilipojifunza mambo ya msingi. Siku ya Jumapili kengele ya kwanza ililia saa mbili kabla ya Misa, kwa sababu waumini wengi walitoka mbali na ilikuwa lazima wakamue mbuzi kwanza. Ya pili ililia ikibaki nusu saa. Ya tatu ililia padre akiwa amekwisha kuvaa. Kila siku, asubuhi, adhuhuri na jioni, tulipiga kengele ya sala ya Malaika wa Bwana: mapigo matatu, kimya, matatu, kimya, matatu, kisha tisa mfululizo. Hata wasiosali kwetu walipanga kazi zao kwa kengele hiyo. Mfanyabiashara mmoja wa ng'ombe, Mwislamu aliyekuja sokoni kutoka kaskazini, alinisimamisha siku moja niliyochelewa. "Wewe bwana, umelala? Chai yangu ya saa sita inakungoja wewe!"

Baadaye nilihamishiwa kwenye vilima vya Kilungu, na huko nikakuta kengele ya kweli. Ilikuwa ya shaba nyeusi, imefungwa kwenye boriti juu ya mnara wa mawe. Kando ya boriti kulikuwa na gurudumu la mbao lililozungushiwa kamba, na ndani ya kengele ulimi wa chuma mnene kama mkono wangu. Mkubwa wangu alikuwa Mpiga Kengele wa Parokia, Mzee Nzioka, mtu mfupi, mpana wa mabega, mwenye mzaha usioisha. Mara ya kwanza nilivuta kwa nguvu zangu zote, na kamba iliporudi juu ikanyanyua miguu yangu kutoka sakafuni.

"Ee, malaika!" akaniita, akicheka hadi akashika ukuta. "Unapaa bila ruhusa ya Padre? Vuta kidogo, kisha iache kamba irudi yenyewe. Wewe uisindikize tu, kama mgeni anayeondoka."

Tulifanya kazi pamoja miaka mingi. Furaha yetu kubwa ilikuwa Pasaka. Tangu Alhamisi Kuu kengele hunyamaza, na vilima vyote vilihisi ukimya ule. Ikifika saa ya kuimba Utukufu, usiku wa mkesha, tulishika kamba sote wawili, na ng'ambo ya bonde akina mama waliijibu kwa vigelegele. Nimekula vyakula vizuri maishani, lakini sijaonja kitu kama dakika zile.

Kengele ya mauti ilikuwa kazi nyingine kabisa. Tulifunga kipande cha ngozi ya mbuzi upande mmoja wa ulimi, ili pigo moja lilie wazi na linalofuata lilie zito. Kati ya pigo na pigo ulisali moyoni Salamu Maria nzima, bila kukimbia. Mapigo matatu yalikuwa ya mtoto, sita ya mwanamke, tisa ya mwanamume. Watu waliweka majembe chini wakahesabu, kisha wakaenda kwa wafiwa na kuni, maji na mahindi. Simu hazikuwapo. Njia zilikuwa za miguu, zinapanda na kushuka, na kengele ndiyo iliyobeba habari.

Kwa hiyo Mzee alikuwa na sheria moja: usipige mpaka mtu wa nyumba ile aje asimame mbele yako, akwambie kwa kinywa chake. Si jirani, si fununu.

Miaka ya themanini ilipoanza, kifua chake kilimshinda, na kamba ikawa yangu. Alilala kwake, ng'ambo ya bonde, mahali palipoonekana kutoka mlango wa mnara. Kila mtu alijua anakwisha. Alasiri moja nilisikia mwanamke akilia kutoka boma lile, sauti ndefu, "Nau! Nau!", yaani "Baba! Baba!" Nikangoja. Hakuna aliyekuja. Nilifikiri: aliwapigia watu wote wa vilima hivi, leo mimi nimcheleweshee? Nikafunga ngozi, nikampigia tisa.

Mzee hakuwa amekufa. Binti yake Mwikali, aliyekuwa akiishi Mombasa na mumewe, alifika siku hiyo baada ya miaka mitatu, akaona jinsi baba alivyokonda, na machozi yakamshinda. Nilipofika huku nikikimbia, boma lilikuwa limejaa wanawake wenye mizigo ya kuni. Mzee alikuwa ameketi kwenye kiti mlangoni, blanketi mabegani, kikombe cha uji mkononi.

"Wekeni kuni hapo," aliwaambia. "Nitaota moto mwenyewe." Kisha akanitazama. "Umepiga vizuri, malaika. Ila pigo la sita umelikimbiza."

Watu walicheka kwa aibu. Nilipiga magoti nikamwomba msamaha. Akaniwekea mkono kichwani. "Yamekwisha. Sasa nimepigiwa. Nikienda usinipigie tena, mtu hapigiwi mara mbili. Umenisikia?"

"Nimekusikia, Mzee."

"Niahidi."

Nikamwahidi.

Aliishi wiki tano. Siku alipokufa, Mwikali alikuja mwenyewe asubuhi, akasimama mbele yangu kama sheria ilivyotaka. "Nau ametuacha. Njoo umpigie."

Nikamweleza ahadi yangu. Alinitazama kama mtu aliyefungiwa mlango. "Lakini alikuwa anatania! Wewe umefanya kazi naye miaka yote hiyo, hujui akitania?"

Tulikwenda kwa Padre Paroko. Alisikiliza pande zote, akavua miwani. "Kengele ni ya kanisa, si ya Nzioka," akasema. "Naweza kukuamuru."

"Unaweza, Padre. Lakini nilimwahidi akiwa na akili timamu."

Alivaa tena miwani yake. "Basi amua wewe. Na utakaloamua, utalibeba."

Sikupiga. Mzee Nzioka alizikwa kesho yake. Tulikuwa watu wa familia, Padre, majirani wa karibu, na mimi. Wanaume walikuwa wachache mno hata Padre mwenyewe akashika koleo. Mtu ambaye mkono wake uliwakusanya mamia kwenye makaburi ya wengine alishushwa mbele ya watu wasiojaza mabenchi manne. Walio mbali walifika siku zilizofuata, mmoja mmoja, wamekasirika. "Hatukusikia kengele," walisema. "Tungejuaje?"

Mwishoni mwa miaka ya themanini nilipelekwa Kikima, na huko nikastaafu. Kanisa lilikuwa limenunua vipaza sauti, na kengele yao ilipigwa sikukuu tu. Vijana mnaosoma haya mnapata habari za msiba redioni, na sitasema zamani kulikuwa bora. Ila nimewaza kwa miaka mingi kama Mzee alisema kweli au alinitania, na bado sijui. Najua tu kwamba nilikosa mara ya kwanza kwa kuharakisha, nikaogopa kukosa tena, na woga huo nikauita uaminifu.

Baadaye Mwikali na mumewe walitoka Mombasa wakaja kuishi kwao mume, hapa hapa Kikima. Siku za soko mimi hukutana na Mwikali akiuza parachichi. Huniuliza habari za magoti yangu, nami namuuliza za wajukuu. Kila ninapokwenda huwa nimejiandaa kumwambia kwamba ulikuwa woga. Yeye hunichagulia matunda yaliyoiva vizuri, kisha anaanza kuzungumzia mvua, nami naitikia.