Nilivyokwenda Iringa Kuelezwa DNA Inavyojinakili

Sikwenda Iringa kutembea. Nilikwenda kwa sababu ya barua. Mjukuu wangu Tusajigwe, wa kidato cha tano, aliandika kwamba mwalimu wa baiolojia amempa mpaka Jumamosi. Asimame mbele ya wenzake aeleze DNA inavyojinakili; akishindwa, anatolewa masomo ya sayansi. Mara mbili alishasimama, mara mbili akawa bubu.

Barua niliisoma mwenyewe, maana darasa la watu wazima halikunipita bure. Baba yake akasema, "Mama, wewe na DNA wapi na wapi?"

Nikamjibu, "Nimezalisha nusu ya kijiji hiki, nitashindwa kukaa na mjukuu wangu darasani?"

Ijumaa alfajiri nilipanda basi Mbalizi. Mwanjelwa tukapakia mizigo, kisha tukateremka bonde la Usangu.

Saa nne tulikuwa Igawa, jua kali. Mama mmoja wa Kisukuma, muuza maziwa ya mgando, akaniuliza dirishani, "Bibi, na kikapu kizito hivyo unakwenda wapi?"

"Kumsikiliza mwalimu."

"Na akikosea?"

"Atanisikiliza yeye."

Alicheka mpaka akanijazia kikombe cha pili.

Adhuhuri, Makambako, upepo ulinikata masikio. Mbele kidogo ikawa misonobari tupu, kushoto na kulia. Jioni tukaiona Iringa, imekaa juu ya mlima kama kuku aliyeatamia.

Shuleni matroni alinipa kitanda. Tusajigwe alikuwa amekonda.

"Mke mwenzangu, mbona unaniaibisha?" nikamtania.

"Bibi, ninaijua yote. Nikianza Kiingereza tu, ulimi unakufa."

Jumamosi saa tatu nikaketi nyuma ya darasa. Mtoto akasimama, akafungua mdomo, akaufunga. Mwalimu, kijana mwenye miwani, akamnyooshea mkono arudishe chaki. Nikasimama.

"Mwanangu mwalimu, mimi nimetoka Mbalizi sijaelewa kitu. Mwache anieleze mimi, kwa Kiswahili."

Darasa likaguna. Mwalimu akatazama saa. "Dakika kumi, bibi."

Tusajigwe akanigeukia. "DNA ni kama kamba mbili zilizosokotana. Kila kamba ina herufi za aina nne tu, A, T, G na C, zimepangana foleni ndefu. A hushikana na T. G hushikana na C."

"Wakibadilishana wenza?"

"Hapo kosa limeingia, na lisiposahihishwa litanakiliwa nalo."

"Endelea."

"Kamba zinaachana, kila moja inabaki na herufi zake wazi. Ndipo anakuja fundi, kimeng'enya kinaitwa polimerasi. Akikuta A anaweka T, akikuta G anaweka C, mpaka mwisho. Ila hawezi kuanzia patupu. Lazima akute kipande kifupi kimeshashikizwa."

"Kama kikapu. Bila kitako husuki."

"Ndiyo, bibi! Mwisho unapata DNA mbili, na kila moja ina kamba moja ya zamani na moja mpya."

"Nani anaziachanisha?"

"Mwilini kuna vimeng'enya vingine. Kwenye chupa ya maabara moto unatosha. Ukipoza, zinashikana tena."

"Basi pasha, poza, fundi asuke. Pasha tena. Moja izae mbili, mbili zizae nne, nne zizae nane. Kufika jioni si mtajaza debe?"

Darasa likacheka. Tusajigwe hakucheka. "Fundi ataiva, bibi. Ni kama yai, likishaiva haliwi bichi tena."

"Kila mkipoza, mtieni mwingine."

"Tutamaliza mafundi wote."

"Basi tafuteni asiyeiva. Kwetu Songwe maji yanatoka ardhini yakiwa moto wa kuunguza mkono, na bado kuna utelezi wa kijani unaota humo. Huo nao una DNA?"

"Kila chenye uhai kinayo."

"Mbona fundi wake haivi?"

Nilimtazama mwalimu, mwalimu akamtazama Tusajigwe. Mtoto akauma chaki.

"Lazima awe na umbo linalostahimili moto," akasema polepole. "Asingekuwa nalo, utelezi usingezaliana." Kisha akageukia ubao, akachora, akayasema yote upya kwa Kiingereza, haraka haraka, amesahau kama tupo. Mimi nikaachwa njiani huko, sikuelewa neno.

Mwalimu akasema tu, "Kaa. Nitafikiri."

Jumapili asubuhi, kituo cha basi, nikamwona mwalimu anakuja na daftari. "Bibi, hiyo Songwe yenye maji ya moto iko upande gani wa Mbalizi?"

"Muulize mjukuu wangu kesho darasani. Kama yupo."

Akavua miwani, akaifuta. "Yupo, bibi."

Mbalizi nilifika jioni. Mwanangu alikuwa kituoni, hata shikamoo hakutoa. "Wamemtoa?"

"Yuko palepale. Beba kikapu."

Ninyi wenzangu wa darasa la watu wazima, nilichojifunza ni hiki. Mtoto akinyamaza msikimbilie kusema hajui. Muulizeni kwa lugha anayootea ndoto, kisha mtupieni swali ambalo hata mwalimu hana jibu lake. Na ninyi wa sekondari, yule fundi asiyeiva sijasikia kwamba kuna mtu amekwenda Songwe kumtafuta. Nendeni. Vueni viatu, panateleza.