Tuta Lililotoa Mvuke

Ziwa Naivasha lilipofurika likafika mlangoni petu kule Kihoto, mume wangu aliniambia nimchukue mtoto nikakae kwa mama yake, juu ya Ndabibi. Yeye alibaki Naivasha kwa sababu ya kazi yake kwenye shamba la maua. Nilipanda na godoro, sufuria chache na mkebe wa mbegu. Kihoto watu walinijua kwa miche. Nilikuwa naotesha nyanya na hoho nyuma ya nyumba, na sikuwahi kufikiri kwamba kuna mahali mbegu inaweza kukataa.

Nilizaliwa upande wa Kakamega. Kwetu mbegu ya nyanya ikianguka nyuma ya jikoni inajiotea yenyewe. Sikuijua baridi ya kule juu, ile inayoshuka kutoka milima ya Mau ikakaa shambani hadi jua lipande.

Mama mkwe wangu alikuwa mjane, mama wa maneno machache. Alinipa chumba, akanipa kipande cha shamba kando ya zizi, akarudi kwa ng'ombe wake. Nilidhani amenichoka kabla sijafika. Nililima, nikamwaga mbegu, zikaota kwa shida. Halafu asubuhi moja nikakuta miche yote imelala chini, myeusi, kama iliyomwagiwa maji ya moto. Nilichuchumaa pale nikaugusa mmoja mmoja. Nyumba ilikuwa imeliwa na maji, sasa na hii.

Mama mkwe akatoka kukama, ndoo mkononi, akasimama nyuma yangu.

"Imechomwa na baridi," akasema.

"Mama, kwani hapa mnapandaje nyanya?"

"Hatupandi. Tunanunua." Akaweka ndoo chini. "Lakini mama yangu alikuwa anapanda. Alikuwa anapasha tuta moto."

Niligeuka nikamtazama. "Kwa makaa?"

"Kwa mavi ya farasi. Alijifunza akifanya kazi kwa bustani ya mzungu. Anachimba shimo, anajaza, anaweka mchanga juu, halafu mbegu. Sisi watoto tulikatazwa kukanyaga hapo, ati tutachomeka."

Sikuamini, lakini nilikuwa sina kingine cha kuamini. Siku hiyo hiyo tulichimba, mimi na yeye, shimo refu kama kaburi la mtu mzima ingawa halikuwa na kina hicho. Tukalijaza mbolea iliyokuwa karibu, ile kuukuu iliyorundikana nyuma ya zizi miaka mingi. Tukangoja. Kila nilipoingiza mkono, ndani kulikuwa baridi kama ukuta wa jikoni asubuhi.

"Hii imekufa," mama mkwe akasema mwishowe. "Ya mama ilikuwa inanuka mpaka unatoa machozi. Tulikuwa tunashika pua."

Basi tukajua ilihitaji kuwa mbichi. Farasi hawapo siku hizi, ila jirani yetu alikuwa na punda wa kuvuta maji. Tulipomwomba, alicheka. "Chukueni yote, mathe. Mtakuwa mmenisaidia." Tuliitoa ile kuukuu shimoni, tukabeba hii mpya kwa magunia. Tulichanganya na mabua makavu ya ngano, tukanyunyizia maji, tukavaa viatu vya gambuti na kuingia shimoni kukanyaga ishikane. Mama mkwe aliteleza akanishika bega. Tukayumba pamoja, karibu tuanguke wote. Akacheka. Nilikuwa sijawahi kumsikia akicheka.

Siku chache zikapita. Asubuhi moja nilifungua mlango nikafikiri shamba linaungua. Kulikuwa shwari, na kutoka shimoni mvuke ulikuwa unapanda wima, mweupe, mzito, bila mwali, bila sauti. Nilikimbia na ndoo ya maji. Nilipofika karibu nikaiweka chini. Nikapiga magoti nikaingiza mkono, vidole, kiganja, kifundo. Nikautoa haraka. Uliniuma kama niliyeshika sufuria iliyo motoni.

Nimepika tangu utotoni. Najua kuwasha kuni zenye umande, najua kupuliza makaa yaliyokufa. Lakini huu moto hakuna mtu aliyeuwasha. Ulikuwa umetoka kwenye majani yaliyopita tumboni mwa punda, na sisi tulichofanya ni kuyakanyaga tu.

Mama mkwe alikuja akajifunga leso vizuri, akaingiza mkono wake pole pole. Akafumba macho. "Ni hii," akasema. "Ni hii kabisa."

Jirani alipita na punda wake akasimama barabarani. "Nyinyi mmetoboa mpaka Eburru?" akauliza, maana huko mvuke hutoka ardhini wenyewe. Hakungoja jibu. Alivuka akaja kuweka mkono naye.

Nilitaka kupanda saa hiyo hiyo. Mama mkwe akanizuia. "Ukiweka mbegu leo utazipika. Mama alikuwa anangoja mpaka mkono uvumilie." Ikawa kila asubuhi tunapima kwa mkono, kabla hata ya chai, hadi siku ambayo mkono ulikaa ndani ukaona raha. Ndipo tukaweka udongo laini, nikamwaga mbegu, tukafunika kwa nailoni iliyoshikiliwa na fito.

Sakitu ilirudi, ile barafu nyembamba ya alfajiri, kali kuliko ya kwanza. Nilitoka nikakuta nyasi zote nyeupe hadi langoni, na maji ya kuku yameganda ngozi juu. Sikutaka kuangalia tuta. Mama mkwe ndiye aliyetangulia, akaniita kwa mkono.

Kulizunguka tuta, nyasi zilikuwa za kijani. Weupe ulikuwa umekoma kando kando kama ulioambiwa usivuke. Niliinua nailoni. Pumzi ya joto ikanipiga usoni, yenye harufu ya zizi na mvua, na chini yake miche ilikuwa imesimama, kila mmoja na majani yake mawili yamefunguka. Nimekaa kanisani miaka mingi nikisikia habari za miujiza. Pale nilianza kuihesabu miche, mmoja mmoja.

"Na hii yote ni mavi tu," mama mkwe akasema kwa sauti ya chini.

Mume wangu alipopata likizo akaja. Kazini kwake anaona nyumba za nailoni na mitambo ya kupasha joto, kwa hivyo nilitegemea atacheka. Aliingiza mkono kando ya miche akauacha humo muda mrefu.

"Mama, mbona hukuwahi kunionyesha?"

"Nilikuwa nimesahau kama najua," akajibu.

Miche ilikua. Tuliihamishia shambani baridi ilipolegea, mingine wakachukua akina mama wa kanisani, na nyanya zikaiva, ndogo lakini nyekundu kweli. Joto la tuta lilipungua taratibu hadi likaisha. Tulipolifukua tulikuta lile rundo limebonyea nusu, limekuwa udongo mweusi unaovunjika mkononi, umejaa minyoo, hauna harufu yoyote mbaya. Mama mkwe aliuchota kwa viganja viwili akaumwaga kwenye shina la hoho, akarudi kuchota tena.